Kesho Inasomwa Albadiri kwa Ajili ya Dawa ya Michungwa

Shikamooni wakubwa zangu. Admin, jina langu usiliweke. Chupa ya dawa ambayo baba anaitafuta tangu Jumapili nimeificha mimi. Sijamwambia mtu yeyote, hata mama.

Nina miaka kumi na minane, nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani upande wa Lugoba. Tunaishi kwa michungwa. Mwaka huu imeingiwa na wadudu wa magamba. Wameganda kwenye matawi kama upele, majani yamekuwa meusi kama masizi. Bwana shamba akasema tupulize kipupwe hiki, wadudu wakiwa wachanga na mvua ya kuosha dawa haipo. Baba akanunua, akanipa nimsomee maelezo. Yanasema matunda yasichumwe mpaka wiki mbili zipite. Lakini machungwa yameiva, na mnunuzi anaanza kuchuma Jumatatu, kidogo kidogo mpaka mwezi uishe.

Nikasema, "Baba, tungoje amalize."

"Nikimngoja, kipupwe kimekwisha na miti imekufa. Chungwa si linamenywa? Nani anakula ganda?"

Nikawafikiria watoto wa madrasa, wanaookota machungwa yetu na kuyatoboa kwa meno. Mimi ni mtu wa kunyamaza, siwezi kubishana na baba. Nikaificha chupa.

Sasa baba anamshuku mjomba, kaka yake mama, tunayeishi naye. Mjomba alimjibu, "Shemeji, dawa ya magamba nitaipeleka wapi, nijipake?" Tangu hapo hawali sinia moja. Jana baba akatangaza kwamba kesho, baada ya swala ya Ijumaa, inasomwa albadiri mwizi aumbuke.

"Isomwe hata leo," mjomba akasema.

Leo mama amenituma ubani, na mimi ndiye nitakayewapikia masheikh. Akaniangalia nikichambua mchele. "Mbona unatupa mchele, unaacha chuya? Aliyeiba ndiye wa kuogopa."

Nasikia albadiri haiulizi nia. Nikiirudisha chupa, baba atapuliza siku hiyohiyo na watu watakula sumu. Nikinyamaza, itanipata mimi, au mjomba atafukuzwa bila kosa, na michungwa nayo inazidi kukauka. Nishaurini kabla ya adhuhuri ya kesho, nifanye nini? Na wewe wa huku kwetu, kama umenitambua, nakuomba sana, baba asisikie kwako.