Mboga Nilizoziita Dawa

Naanza kwa kuomba radhi. Mwandiko wangu ni mbaya, na herufi nyingine nitazikosea, kwa maana niliacha shule nikiwa darasa la saba. Tangu hapo kuandika kwangu kumekuwa ni bei ya nyanya juu ya kipande cha katoni. Naandika polepole. Barua hii imenichukua siku tatu. Tena mimi ni mtu wa aibu tangu utotoni, sijazoea kusema mbele ya watu. Lakini kunyamaza kwangu kumeshaniharibia mengi. Nivumilie, msomaji mwanangu, usome hadi mwisho.

Kuna siku moja ninayoikumbuka kila ninaposhika kisu cha kukata sukuma wiki. Nilikuwa bado najiita kijana, na mtoto wangu Kamau alikuwa darasa la tano. Nilikuwa na kibanda cha mboga hapa Kimbo, Ruiru, hiki hiki nilicho nacho leo. Unajua kazi yetu ilivyo. Mteja ametoka kazini, amechoka, hataki kwenda kukata mboga nyumbani, kwa hivyo unamkatia nyembamba huku akingoja. Katika kungoja huko ndiko maneno yote ya mtaa hupita.

Siku hiyo aliyekuwa akingoja ni jirani yangu, Mama Shiro.

"Mama Kamau," akasema, "si bwana yako ndiye ana presha ya macho?"

"Ndiye."

"Basi wewe umekalia dawa. Nimesikia kwa redio leo. Wanasema watu wanaokula mboga za kijani kwa wingi hawashikwi sana na huo ugonjwa kama wengine."

Nikaacha kukata. Nilitazama meza yangu: sukuma, managu, terere, kunde, zote nimezinyunyizia maji zinang'aa. Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Mimi, ambaye sikuwa na la kusema popote, nilikuwa na jambo la kumwambia mume wangu.

Acha nikueleze kwanza habari za mume wangu. Njoroge alikuwa fundi wa mawe. Nyumba nyingi za kukodisha unazoziona hapa Ruiru, kuanzia msingi hadi linta, amezipitia kwa mikono yake. Mwaka ule alikuwa ameanza kugongwa na vitu. Bega lake la kushoto lilikuwa na alama kila wiki. Siku moja kijana wa mjengo alimgonga kwa wilibaro kutoka ubavuni, akamwambia, "Mzee, hata wilibaro unataka ipige honi?" Mafundi wakacheka, na yeye akacheka nao.

Hakuwa na maumivu. Nataka ulishike neno hilo, mwanangu. Hakuumwa hata kidogo, na ukimwonyesha kitu mbele yake alikiona vizuri. Tuligundua kwa bahati tu. Madaktari wa macho walikuja kupima watu bure katika ukumbi wa hekalu moja la Wahindi pale Thika, naye akaenda kutafuta miwani ya kusomea Biblia. Akarudi na chupa ndogo ya matone. Daktari alimwambia kwamba presha ndani ya macho yake imepanda, na kwamba inaua macho kuanzia kando ikielekea katikati. Alimwambia pia matone hayo ni ya kila jioni, maisha yake yote, na kwamba ugonjwa huo hupenda kupita katika ukoo, kwa hivyo watu wa nyumba yake nao wapimwe.

Matone yalimchoma. Yalimfanya macho kuwa mekundu hadi asubuhi. Njoroge hakuwa amewahi kuonja pombe, lakini kwenye mjengo walimwuliza, "Ni asubuhi hii na ushapitia kwa mama pima?" Aliniambia maneno hayo akiwa amekaa kitandani, ameshika kile kichupa, na nikaona aibu imemjaa usoni. Alikuwa anatafuta njia ya kuacha. Alikosa tu mtu wa kumfungulia mlango.

Mlango nilimfungulia mimi. Jioni ile niliyosikia maneno ya Mama Shiro nilimpikia sufuria ya managu, nikamwambia kwamba redio imesema mboga ndiyo dawa ya presha ya macho. Sivyo redio ilivyosema. Redio ilisema watu hao hawashikwi sana na ugonjwa. Haikusema aliyeshikwa atapona. Lakini mtu mwenye hofu husikia anachokipenda, na mimi nilipenda kusikia kwamba dawa iko mezani kwangu.

Akala. Akaniangalia akasema, "Basi kuanzia leo daktari wangu ni wewe."

Mwanangu, sijawahi kuitwa jina zuri kama hilo.

Baada ya wiki moja macho yake yalikuwa meupe kabisa. Tukamshukuru Mungu. Hatukujua kwamba wekundu ulikuwa wa matone tu, na kwamba macho yanaweza kung'aa kwa nje huku yakifa kwa ndani. Nikazidisha bidii. Nilimpunguzia kahawa, kwa maana alikuwa anamaliza thamosi nzima kazini. Mtu mwingine akaniambia maji mengi husafisha mishipa ya macho, basi nikawa namwekea jagi zima kila asubuhi analimaliza kwa mkupuo mmoja. Baadaye daktari alitikisa kichwa aliposikia hilo. Alisema maji ni mazuri, lakini mwenye presha ya macho ayanywe kidogo kidogo mchana kutwa, kwa sababu kuyagugumia mengi kwa mara moja huweza kuipandisha ile presha kwa muda. Kwa hivyo kila asubuhi, kwa mkono wangu na kwa mapenzi yangu, nilikuwa namwongezea.

Tulikaa hivyo mwaka mmoja na miezi kadhaa. Kichupa cha matone kilikauka dirishani.

Sasa nikufikishe kwa mama mkwe wangu, tuliyemwita Maitu, yaani mama. Aliishi Kiandutu, Thika, kwa binti yake, katika chumba kimoja cha mabati. Alikuwa kipofu. Nilipoolewa nilimkuta tayari haoni, watu wakasema ni uzee, wengine wakasema ni mkono wa mtu. Mimi sikuuliza. Kwetu mke wa mtoto haulizi mama mkwe habari za mwili wake, na mimi kwa aibu yangu nilikuwa namsalimia, nampikia chai, nanyamaza.

Tulimtembelea Jumapili moja, mimi na Njoroge, nikiwa nimebeba mfuko mkubwa wa managu. Akaupapasa.

"Hii yote ya nini? Kuna harusi?"

"Ni ya macho, Maitu," nikasema. "Njoroge alipatwa na presha ya macho. Daktari alimpa matone, lakini tumeacha. Anakula hii sasa, na anaendelea vizuri."

Akauweka mfuko chini. Kisha akaniita nikae karibu naye.

"Mimi nimekula managu tangu sijaota meno," akasema. "Nilikuwa nayachuma shambani kwa mama yangu. Nikaolewa, nikayapanda. Nyama tuliiona Krismasi. Umewahi kuniuliza macho yangu yalikwenda wapi?"

"La, Maitu."

"Miaka kumi na miwili unaingia na kutoka kwangu."

"Niliona aibu."

"Na mimi niliona aibu kukwambia. Hayakuuma. Yalifungwa polepole kutoka kando, kama mtu anayekufungia mlango akiwa hataki usikie. Nilipokwenda hospitali, daktari aliniambia hiyo hiyo presha unayoitaja. Nikafika nyumbani nikasema ni uzee, ili watoto wasinihangaikie."

Njoroge alikuwa amekaa kwenye kigoda, anatazama mbele. Mama yake akamgeukia. Alinyoosha mkono wake wa kulia ukafika kando ya kichwa cha mwanawe, upande wa kushoto, karibu kabisa na sikio, akatingisha vidole.

"Njoroge, mkono wangu unafanya nini?"

"Mkono upi, Maitu?" akajibu. "Hujauinua."

Yule mama aliurudisha mkono wake mapajani, akaukunja ndani ya leso. Mimi niliona yote, kwa maana macho yangu yalikuwa mazima.

Kesho yake tulikuwa hospitali. Daktari alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionivunja. Alisema jicho la kushoto limekwisha karibu lote, la kulia limebaki na kipande cha katikati. Kilichokwenda hakirudi, si kwa dawa wala kwa upasuaji. Matone yangeweza tu kukilinda kilichobaki. Nilimwuliza, kwa sauti ndogo, habari za mboga.

"Mama, mboga zako ni nzuri, endelea kuziuza," akasema. "Inaonekana wanaozila kwa wingi huwa na hatari ndogo kidogo ya kuugua. Nasema kidogo. Wengine huzila na bado wakaugua. Na aliyekwisha kuugua, mboga hazimshushii presha. Matone ndiyo yanayoishusha."

Maneno yenyewe yalikuwa mepesi hivyo. Mtoto wa darasa la tano angeyaelewa.

Tulirudi kwa matone. Akafanyiwa upasuaji pia. Kipande cha katikati kilikaa miaka michache, kikapungua, kikawa kama tundu la ufunguo, na mwishowe kikafungwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mume wangu alijenga kuta maisha yake yote, na ukuta huu hakuna fundi wa kuubomoa. Leo anakaa nje ya mlango wetu. Hajawahi kunilaumu. Natamani angenilaumu, hata mara moja, tukagombana, yakaisha. Yeye husema tu, "Ulikuwa unanipenda," na mimi huenda jikoni.

Mwanangu, sasa nikwambie nilichotaka kukwambia. Kula mboga zako. Kula managu, terere, sukuma, usizipike hadi ziwe nyeusi. Kama kwenu kuna mtu wa presha ya macho, usigeuze kahawa kuwa chakula. Maji kunywa kidogo kidogo. Haya yote ni mema, lakini ni kama jirani mwema: atakusaidia kubeba mzigo, hawezi kukuolea wala kukuzikia. Chakula hakikupimi macho, na kinachosemwa kupunguza hatari usikiite tiba. Ukipewa matone, tia. Yakikuchoma au yakikufanya macho mekundu, rudi umwambie daktari, huenda akakubadilishia. Usiyaache kimyakimya kama sisi. Na uliza wazee wako habari za macho yao wakiwa hai. Kuuliza si ujinga, ingawa mimi niliona ni utovu wa adabu. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini haya yetu hayakungoja kifo.

Haya nayasema kwa wote, ila kuna mmoja ninayemlenga. Kamau wangu ana miaka ishirini na sita sasa. Anatengeneza simu huko Kahawa Wendani, karibu na hosteli za wanafunzi. Bibi yake alipofuka, baba yake amepofuka, na yeye hajapimwa hata mara moja. Nilimwomba. Nilimtumia nauli. Mwezi uliopita nilikwenda mwenyewe hadi kwenye duka lake, nikasimama kati ya wateja, mimi na aibu yangu.

"Mathe, niko poa," akaniambia, macho yakiwa kwenye simu aliyoifungua. "Naona hadi skrubu ya simu, hii ndogo hivi. Na kila asubuhi nasaga sukuma na terere nakunywa glasi mbili. Si wewe ulinifundisha? Si ulikuwa unasema hapo kwa kibanda mboga ndiyo dawa ya macho?"

Ni kweli. Nilimwambia kila mteja mwaka ule mzima, na mtoto alikuwa amekaa chini ya meza akifanya homuweki. Nilimweleza kwamba nilikosea. Nilimweleza ya daktari, na ya bibi yake. Akanikumbatia, akaniambia nisiwe na wasiwasi, akamgeukia mteja. Siku hizi akiona ni mimi ninayepiga simu huiacha tu iite.

Mungu akulinde, wewe unayesoma. Akulindie cha katikati na cha kando, uzione nyuso za watoto wako hadi wawe wazee. Amjalie kila aliye na dawa mkononi moyo wa kuitumia.

Nami nakuomba kitu kimoja. Ikiwa kwenu mlikuwa na mtu kama Kamau, mzima, mkaidi, asiyeumwa popote, na mwisho akakubali kwenda kupimwa, niandikie. Hata mistari miwili, hata kwa mwandiko mbaya kuliko wangu. Niambie ulimwambia nini, kwa maana mimi maneno yameniishia.