Injini ya Mtalaka

Fundi ana mikono, mkewe ana macho. Ndivyo gereji ile ilivyokwenda miaka kumi na sita, na asiyejua hilo hajui kwa nini magari yalikuwa yakitoka pale yakiwa mazima. Mume akifungua injini, bolti zinaingia mikononi mwa mke, naye anazigawa kwenye makopo ya rangi yaliyokwisha, kila kopo na kikaratasi chake. Hajapoteza hata nati. Watu wakamwita Mama Makopo, naye anaitika bila kununa. Fundi mwenyewe anaweza kubeba gia boksi kifuani peke yake, lakini mtume chumvi dukani, atakuletea sabuni.

Jumatatu moja likaja gari likivutwa kwa kamba, limesheheni fito za mapazia mpaka zinachungulia dirishani. Akashuka mwanamke aliyejaa vizuri, kilemba kimefungwa kwa madaha, viatu vya kutokanyaga oili. Fundi alikuwa uvunguni mwa lori, miguu tu ndiyo iliyokuwa nje. Yule mwanamke akaitazama ile miguu, akacheka.

"Kipisi! Miguu hiyo naijua hata ikichanganywa na ya jeshi zima."

Mama Makopo akaacha kupangusa spana. Kipisi? Miaka kumi na sita ya ndoa, watoto watatu, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mumewe anaitwa Kipisi.

Huyo alikuwa Mama Pazia, mshona mapazia na mke wa kwanza wa fundi. Waliishi miaka mitatu, wakaachana bila mtoto na bila ugomvi, na hapo kwenye bila ugomvi ndipo palipokuwa pakimwasha Mama Makopo tangu aolewe. Walioachana kwa matusi hawarudiani, hilo linajulikana. Walioachana kwa salamu, je?

Injini ya gari ilikuwa imekufa, haina hata la kuombewa. Mama Pazia alikwisha kupata nyingine kwa wauza vyuma chakavu, ya gari la aina ile ile, ila ilitoka kiwandani miaka mitano baadaye.

"Itaingia?" akauliza.

"Itaingia," fundi akasema, anaizunguka kama mnunuzi wa ng'ombe. "Mwili ni ule ule. Vishikio na nyaya tutahamisha kutoka kwenye ya zamani."

Upande wa pili wa ukuta wa bati alikuwa fundi rangi, mtu asiyepitwa na neno. Akapaza sauti: "Yaani unaoa mke mpya kwa vyombo vya mke wa zamani!"

Wakacheka wote watatu. Mama Makopo akahesabu: watatu, na yeye hayumo.

Mama Pazia akawa anakuja kila siku kulitazama gari lake, kana kwamba gari ni mgonjwa na linahitaji uji. Anakaa kwenye kiti chenye mgongo, ambacho ni kimoja tu, anaanza.

"Kipisi, bado unakoroma?"

"Dada," Mama Makopo akadakia, "hilo muulize anayelala naye."

"Mwenzangu, nauliza tu. Enzi zangu paa lilikuwa linatikisika."

"Siku hizi tuna paa zito."

Fundi alikuwa ameingiza kichwa kwenye injini, hana habari.

Jumatano ya juma lililofuata injini mpya ikashushwa kwa mnyororo, ikakaa mahali pake. Kilichobaki kilikuwa kufunga alteneta, ile inayochaji betri, kwa kishikio cha ile ya zamani. Sasa hapa panataka kueleweka. Kishikio kilikuja na bolti zake tatu, ndefu. Mama Makopo alizipima kwa kidole kama kawaida yake: zilifika kiungo cha pili. Akapima na matundu ya injini mpya: hayakufika hapo. Matundu hayo yako kwenye nyumba ya pampu ya maji, na chuma chake ni laini. Bolti ikigonga mwisho nawe ukaendelea kukaza, chuma kinapasuka kama kikombe. Kwa hiyo alikwisha kutafuta bolti tatu fupi, akaziweka kopo la peke yake. Mumewe hakuambiwa, na hakuhitaji kuambiwa. Wao hufanya hivi: fundi hageuki, ananyoosha mkono nyuma, anataja kitu, na mkewe anamwekea kiganjani kinachofaa.

Basi fundi ameinama, jasho linamtiririka. Mama Pazia akainuka kitini, akatoa leso yenye maua, akamfuta jasho la usoni. Taratibu, kama anapangusa kioo. Na fundi hakukwepa.

"Bolti za kishikio," fundi akasema, mkono nyuma.

Mkono wa mkewe ulikwenda kwenye kopo la bolti ndefu.

Alijua anachofanya. Alishapiga hesabu zake zote hapo hapo: injini itavuja, yule mwanamke atasema huyu si fundi ni mbabaishaji, atavuta gari lake kwa kamba ile ile aliyokuja nayo, na hilo jina la Kipisi litakwenda naye. Mume wake atabaki. Fundi akakaza. Kikalia kitu, kidogo sana, tk. Akasita, akakaza tena.

Kesho yake wakatia maji kwenye rejeta. Yakaanza kudondoka chini, matone, kisha uzi. Fundi akapapasa, akaukuta ufa.

Na Mama Pazia hakuvuta gari lake! Alicheka.

"Mambo ya vyuma hayo, Kipisi. Nitasubiri. Nitaleta na cherehani yangu, nishone hapa hapa."

Akaileta kweli. Nyumba ya pampu ya mwaka ule ikawa haionekani, kila aliyetumwa analeta ya zamani, haiingii. Siku tatu, sita, nane. Cherehani inalia gereji nzima, mapazia yametandazwa juu ya matairi, na chakula cha mchana sasa ni cha watu watatu.

"Shemeji," fundi rangi akamnong'oneza, "mmeongezeka, au mimi ndiye nahesabu vibaya?"

"Hesabu meno yako kabla sijayapunguza."

Siku ya tisa fundi akakaa juu ya tairi, amechoka. "Sijui nilikuwa natazama wapi," akasema. "Kosa langu hili."

"Usijisumbue," Mama Pazia akamjibu, mguu unakanyaga cherehani. "Hata enzi zangu ulikuwa hivyo. Huangalii unachokifanya. Nakujua mimi."

Hapo ndipo lilipomtoka Mama Makopo. Lawama ilikuwa imekwisha kumpita, angenyamaza tu. Lakini *nakujua mimi*?

"Humjui! Haangalii kwa sababu mimi ndiye ninayeangalia! Miaka kumi na sita hajaangalia na hajapasua hata kifuniko. Bolti ndefu nilimpa mimi, kwa mkono huu, na nilijua ni ndefu!"

Cherehani ikasimama.

"Kwa nini?" fundi akauliza.

"Alikufuta jasho."

"Nani?"

"Huyu! Kwa leso!"

Fundi akawatazama wote wawili kama mtu aliyeamshwa. "Nilidhani ni wewe," akamwambia mkewe. "Nani mwingine anasimama nyuma yangu?"

Mama Pazia akakunja pazia alilokuwa akishona. "Mimi nilifanya kusudi," akasema, hamtazami mtu. "Nilitaka kuona kama atashtuka. Hakushtuka." Siku hiyo akaondoka mapema.

Asubuhi iliyofuata Mama Makopo akaweka ile nyumba iliyopasuka kwenye kikapu, akazunguka kwa wauza vyuma wote, analinganisha tundu kwa tundu. Akaipata siku ya pili, chini kabisa ya rundo, mikono imemchubuka. Hakumwachia mtu aibebe.

Wakafunga. Fundi akanyoosha mkono nyuma. "Bolti za kishikio." Mkewe akaweka bolti tatu fupi. Fundi akauleta mkono mbele ya uso wake, akazitazama moja moja, akapima kwa kidole chake mwenyewe, ndipo akafunga.

Hakununa. Mama Makopo alitamani hata angenuna.

Injini iliwaka mara ya kwanza, ikatulia, haidondoshi hata tone. Mama Pazia akapakia fito na cherehani, akaingia garini.

"Likisumbua nitarudi," akasema.

"Halitasumbua," Mama Makopo akajibu.

Lilipokata kona, fundi rangi akachungulia juu ya bati. "Haya shemeji, mgeni kaondoka. Mbona hucheki?"

"Paka rangi yako," akamwambia, akarudi ndani kwa mumewe, aliyekuwa tayari uvunguni mwa gari jingine, na mfukoni amejiwekea bolti zake mwenyewe.