Siku Kombe Lilipozaa Sebuleni

Shilingi mia moja na themanini. Nimezihesabu mara mbili, na mara zote zimekataa kupungua. Ndizo nilizomlipa mzungu mmoja wa Njoro aliyekuwa akiuza vitu vyake arudi kwao, miaka ya sitini ikiishia. Nikapata tangi la kioo, pampu ya hewa na samaki watatu wa baharini. Kombe kubwa hai, yule mnyama wa baharini wa magamba mawili, lenye midomo ya buluu, alinipa kama nyongeza, vile mama wa sokoni hukutupia kiazi kimoja juu ya debe.

Maji ya bahari yalinijia kwa treni kutoka Mombasa, kwenye mitungi, kwa mkono wa karani wa mizigo tuliyefahamiana. Siku moja mitungi mitatu ilikuwa imeshinda juani stesheni. Nilitaka mitupu irudi na treni ileile, basi nikamimina miwili bila kungoja ipoe.

Baada ya chakula cha mchana kombe lilijibana, likatema wingu jeupe. Likatema tena. Maji yote yakawa kama chai ya maziwa, na samaki wakapanda juu wakihema, vinywa wazi.

"Nani amemwaga maziwa humu?" mke wangu akauliza.

"Kombe linazaa. Yule mzungu aliniambia humwaga mbegu hivyo likipata maji ya moto."

"Linazaa, na wewe ndiye unatoka jasho?"

Nilikuwa natoka jasho kweli. Mbegu zilikuwa zinamaliza hewa majini, na mtungi uliobaki haungetosha hata robo ya tangi. Jirani yetu Singasinga, fundi wa magari, akachungulia mlangoni.

"Rafiki, mbona unalia? Ziwa iko hapa chini. Chumvi tele, tena bure."

Hilo neno bure lilinigusa. Nilikuwa nimeshachukua ndoo.

"Weka chini hiyo ndoo, baba watoto," mke wangu akasema. "Maji ya ziwa ni magadi matupu. Mimi hulainishia maharagwe magadi. Unataka samaki ama mchuzi?"

Jirani akacheka mpaka akashika kilemba. Mimi sikucheka. Samaki mdogo alikuwa ameanza kulala ubavu.

Mke wangu akaleta sufuria mbili. Akachota maji ya tangi, akayainua juu na kuyamimina kwa utepe mrefu, yakipiga povu, vile hupoesha chai ya wageni. "Si ni hewa wanataka?" Tukamimina wote watatu, kwa zamu, jirani akilalamikia bega lake. Mtungi wa mwisho ulipopoa nikabadilisha nao maji kidogo. Jua likielekea kuzama upande wa Njoro, samaki wakashuka chini, mmoja baada ya mwingine. Watatu. Nikahesabu tena: watatu.

Lakini kombe lilijifunga kama mlango wa duka Jumapili. Asubuhi lilikuwa bado. Likifia humo, lingeoza na kuwaua samaki wote. Nikaenda posta, nikapiga simu Mombasa kwa yule karani.

"Boss, kombe limefunga. Nilitoe?"

"Ngoja! Likifunga, liko hai. Likishakufa huachama."

"Na likiwa salama?"

"Hufunguka."

Nikabana simu sikioni. "Sasa nishauri, bwana. Nikirudi nyumbani nilikute liko wazi, nitajuaje limepona ama limekufa?"