Begi la Mwongozaji Halifunguliwi

Ukitaka kushuka kwenye lile korongo la jangwani, lazima kwanza upite kwa Mama Meza. Hilo si jina alilopewa na wazazi wake. Alipewa na waongozaji, kwa ajili ya meza ya mbao iliyo katikati ya stoo yetu, ambapo kila mgeni humwaga kila alichokuja nacho. Nikisema kumwaga namaanisha kumwaga. Hakuna kutoa kimoja kimoja kwa aibu. Begi linapinduliwa, linatikiswa, na siri za mtu zinaanguka mbele ya kadamnasi.

Mimi ni fundi wa mabegi. Nakaa kwenye kona nyuma ya mlango na cherehani yangu, nashona mikanda iliyokatika na kubadilisha zipu, na kwa miaka kumi na moja nimeona vituko. Nimeona viatu vya visigino. Nimeona kitabu kinene kama tofali. Nimeona mtu kaja na pasi, pasi ya nguo, anaipeleka jangwani! Mama Meza hakuwa na simile. "Hiki kinabaki. Hiki nacho kinabaki. Na hii pasi, baba, unakwenda kuwanyooshea mijusi mashati?" Wageni walicheka, halafu walinuna, halafu walitii.

Alichoruhusu kilikuwa kidogo, na alikijua kwa kichwa. Maji lita sita kwa kila mtu, kwenye chupa nne za lita moja na nusu, kwa sababu ukibeba dumu moja likapasuka umekwisha. Chumvi na sukari za kuchanganya na maji hayo. Kofia pana, shati la mikono mirefu, soksi jozi ya pili, bendeji, filimbi ya kuitia msaada, na tochi, hata kama umeapa kwamba utarudi mapema. Karanga au biskuti za chumvi. Basi. "Mlima ukikushinda unageuka, unateremka nyumbani," aliwaambia. "Korongo unaanza kwa kuteremka. Kazi yenyewe inakungoja mwisho, umeshachoka na jua liko utosini." Kisha alilitundika begi kwenye mizani ya ndoano, akaandika uzito ubaoni, akalifunga kwa mikono yake mwenyewe.

Watu walimwona mkali tu. Walikuwa hawajui kwamba mumewe alikuwa mwongozaji, yule tuliyemwita Ngazi kwa jinsi alivyopanda miamba. Mgeni akichoka njiani, begi lake hubebwa na mwongozaji. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na wageni wengi waliuona mgongo wa Ngazi kama punda wa bure. Kila kitu Mama Meza alichokikataa pale mezani, alikuwa anamtetea mumewe.

Ila ilikuwapo sheria moja ya kijinga, na naiita ya kijinga leo kwa sababu leo ni rahisi. Begi la mwongozaji halifunguliwi. Kumwagisha mwongozaji begi mbele ya wageni kulihesabiwa sawa na kumpekua mwanamume mzima mifukoni. Begi lake lilitundikwa tu kwenye mizani, likisoma kilo kumi na mbili mambo yameisha, kwani vifaa vyao vilikuwa vilevile siku zote na uzito ukitimia ina maana maji yamo. Mama Meza aliwahi kuipinga sheria hiyo, zamani. Waongozaji walimcheka, mumewe akamnunia wiki nzima, akaona yasiwe makubwa.

Siku ile walikuja mtu na mkewe, watu wazima, wapole. Mume alikuwa na maumivu ya mgongo, na kati ya vitu vyake kikaanguka kiti cha kukunja, cha chuma na turubai. Alitaka akifika chini akae kidogo, alitazame korongo kama mtu aliye kibarazani kwake. Akaomba. Akaomba tena.

"Utakaa kwenye jiwe, mzee wangu," Mama Meza alimwambia. "Mawe yapo ya kutosha."

Kiti kikawekwa pembeni. Mama Meza alipotoka kwenda kupanga mizigo garini, Ngazi akaja kwenye kona yangu nacho kwapani. Akafungua begi lake, akatoa chupa mbili zilizojaa, akaziweka sakafuni karibu na cherehani, akakisokomeza kiti mahali pake.

"Mzee wa watu mgongo unamuuma, fundi," aliniambia. "Nitamnyima kiti kweli?"

"Na maji?"

"Yapo kule chini, kwenye kidimbwi. Sijawahi kukikuta kikavu."

"Na shemeji akijua?"

"Shemeji yako ana mizani. Mizani tumeishibisha."

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka. Haikuwa mara ya kwanza, wala si yeye peke yake. Waongozaji wote walikuwa wakifanya mchezo huo, na stoo nzima tulijua isipokuwa yule mwanamke mwenye meza. Nilijiambia mambo ya mke na mume hayaingiliwi. Hiyo ni lugha tamu ya woga.

Mama Meza akarudi, akatundika begi la mumewe, likasoma kumi na mbili. Akaandika kumi na mbili ubaoni. Akamwekea sawa mkanda wa bega uliokuwa umejikunja, akamwambia aende salama, naye akamjibu kwamba leo ana njaa, apike mapema.

Saa kumi alasiri walirudi wale wageni wawili, bila mwongozaji. Midomo yao ilikuwa imepasuka na yule mama hakuweza kusimama. Mumewe ndiye aliyesimulia, kwa vipande vipande. Kidimbwi walikikuta tope limekauka. Wakati wa kupanda, mke alianza kutapika, chupa zao zikaisha, Ngazi akawapa zake. Wakiwa karibu robo tatu ya njia, aliketi kwenye kivuli cha mwamba akawaambia watangulie, njia ni hiyo moja, yeye anapumzika kidogo. Ndugu yake Ngazi, mdogo wake wa kuzaliwa tumbo moja na mwongozaji vilevile, aliteremka papo hapo na watu watatu. Walimkuta palepale aliposema atapumzika. Alikuwa ameshakufa.

Begi lililetwa pamoja na maiti. Mama Meza alilichukua, akaliweka juu ya meza, akalipindua. Meneja alikuwapo, mdogo wa marehemu alikuwapo, nami nilikuwapo. Zikaanguka chupa mbili tupu. Akatafuta nyingine mbili kwenye mifuko ya pembeni, akatafuta hata mahali ambapo chupa haiwezi kuingia. Kisha akakiona kiti. Akakitundika kwenye mizani, kikasoma kilo tatu. Chupa mbili za lita moja na nusu ni kilo tatu. Hakulia. Alikishika kile kiti miguu yake kana kwamba kingemtoroka, na sauti iliyomtoka sitaki kuisikia tena maishani.

Meneja alikuwa mtu wa funika kombe mwanaharamu apite. Alisema ataandika kwamba ni joto, na kwamba hakuna haja ya maneno mengi, marehemu aachiwe heshima yake. Na heshima alikuwa nayo. Tayari mji mzima ulikuwa unasema, yule bwana aliwapa wageni maji yake yote, akafa yeye. Ilikuwa kweli. Watu walimpa mjane mkono kwa unyenyekevu, na yeye akaitikia, akanyamaza. Akanyamaza siku nane.

Siku ya tisa alirudi kazini, akakuta jina la shemeji yake, yule mdogo wa marehemu, ubaoni. Anashuka asubuhi ileile na wageni sita. Begi lake lilikuwa limeshatundikwa na linasoma kumi na mbili. Mama Meza akalitoa kwenye ndoano, akaliweka mezani.

"Mwaga," akamwambia.

"Shemeji, umechoka. Nenda kapumzike."

"Mwaga, nimesema. Kaka yako alitoa maji akaweka kiti. Ndiyo maana kafa. Wote mnafanya, na mimi mjinga nasoma mizani."

Waongozaji waliokuwa mlangoni waliguna kwa pamoja. Shemeji yake aliukamata mkanda wa begi lake, na namwelewa, alikuwa ameibeba maiti ile mgongoni mwake.

"Kaka kafa kwa kiu," alisema. "Kafa akiokoa watu. Wewe unataka wanawe waambiwe baba yao kafa kwa kiti?"

"Kafa kwa kiti."

"Hicho kiti alipewa njiani na mgeni! Nani alimwona akitoa maji? Mtaje!"

Hakuwa na wa kumtaja. Wale wageni walikuwa wameshasafirishwa kwao. Mmoja akasema uchungu umemvuruga akili, mwingine akaanza kulirudisha begi kwenye ndoano, na mama wa watu akabaki ameshika ukingo wa meza, mikono mitupu, akiwatazama wanaondoka na begi ambalo hajaliona ndani. Mguu wangu ulikuwa kwenye pedali ya cherehani. Nilitamani kuikanyaga, nishone chochote, kelele zinifunike.

"Mimi nilimwona," nikasema.

Mama Meza akageuka taratibu.

"Ulimwona lini, fundi?"

"Asubuhi ileile. Kabla hujarudi ndani."

"Ukamwacha akatoka."

"Nilimwacha, dada."

"Zile chupa ziko wapi?"

"Moja ipo hapa, chini ya matambara."

"Na ya pili?"

Ningeweza kusema uongo. Tayari nilikuwa mzoefu. Lakini alikuwa anauliza kama anavyowauliza wageni, kwa ile sauti inayotaka kila kitu kiwe juu ya meza.

"Mchana ule kulikuwa na joto," nikamwambia. "Niliinywa."

Hakunitukana. Shemeji yake alilichukua begi, akalileta mezani mwenyewe, akalipindua, na ndani yake mlikuwa na chupa tatu tu, na mahali pa ya nne kitabu kinene cha mgeni. Alizitazama zile chupa, akaanza kulia mbele za watu. Mama Meza akaenda kwenye shelfu, akarudi na ya nne, akamwekea. Kisha akamwambia anayefuata alete lake, na toka siku hiyo mkanda ukikatika Mama Meza ananiletea begi, hanipi mkononi, analiweka sakafuni, anaondoka.