Mtu Aliyeropoka Juu ya Picha

Mkwe hafokewi, najua. Lakini jana nilimfokea mume wa binti yangu mpaka majirani wakatoka nje.

Mimi ni fundi cherehani. Marehemu mume wangu alikuwa na wazimu wa tamthilia moja ya zamani ya kigeni ya wasafiri wa anga za juu, yenye chombo cha bati na roboti mwenye masikio kama vifuniko vya sufuria. Nilimshonea sare ya nahodha kwa kitambaa cha pazia, akaivaa bila haya. Na kwa kuwa lugha yao siijui, alizirekodi upya kanda zake zote za video, akitafsiri kwa sauti yake. Roboti alimpa sauti ya mama yake akifukuza kuku. Nahodha akimwambia mpenzi wake anampenda, mume wangu alichomeka jina langu.

Tangu afariki, kabla binti yetu hajaolewa, nashona huku namsikiliza.

Mkwe ni fundi kompyuta. Alizichukua kanda azihamishie kwenye flashi, akarudi jana anachekelea.

"Mama, kuna mtu alikuwa anaropoka mwanzo mwisho! Nimemtoa, nikaweka sauti safi ya asili kutoka mtandaoni. Kanda nimezitupa, zilishaota ukungu."

Nikamfokea: Mtu! Anaropoka! Miaka sita unakula kwangu, hujawahi kuuliza baba mkwe wako alikuwa na sauti gani?

"Lakini Mama, picha si zipo zote?"

Akaiwasha nione. Nahodha akamshika mpenzi wake mkono, akamtazama machoni, akataja jina la mwanamke mwingine.