Oili Iliyopotea Bila Kudondoka

Ipo asubuhi moja ambayo hunirudia, mwanangu, hasa nikiamka mapema na kukuta ukungu umelala juu ya ziwa na mji wa Babati kama haujaamua bado kuamka. Nilikuwa binti wa umri wako, fundi mpya katika gereji ya Mzee Gwandu, huku huku Maisaka. Mikono yangu ilikuwa na haraka siku zile. Kitu kikiwa kimefungwa, nilitaka kukifungua.

Asubuhi hiyo, ndani ya ukungu ule, liliingia gari kuukuu la Kimarekani, refu, rangi ya maziwa, viti vyake vipana kama makochi. Lilikuja polepole mno, likinguruma. Mwenyewe alikuwa Mzee Tarmo wa Mutuka, aliyewahi kuwaendesha wamisionari, nao walipoondoka wakamwachia gari hilo. Lilikuwa otomatiki, la kubadilisha gia lenyewe, na enzi zile magari ya namna hiyo hapa kwetu yalikuwa ya kutafuta. Mafundi wengi waliyakimbia.

Kwenye kiti cha mbele alikaa mkewe, Mama Agnesi. Macho yake yalikuwa hayaoni tena. Alikuwa amejifunga kitenge kipya, kikapu mapajani, kwa sababu walikuwa safarini. Dada yake mkubwa, yule aliyemlea, alikuwa mgonjwa sana huko Mbulu, na kila aliyeshuka kutoka kule alileta neno lile lile: anakuulizia. Magoti ya Mama Agnesi yalikuwa hayawezi tena kupanda ngazi za basi. Bila gari lile asingefika.

"Linanguruma, haliendi," alisema Mzee Tarmo. "Nikikanyaga mafuta, injini inapiga kelele na gari linasuasua. Likija kubadilisha gia, linachelewa, halafu linashtuka kama limepigwa teke. Nikiliongezea oili ya giaboksi linapata nafuu, baada ya muda ni yale yale."

"Giaboksi imekufa," nilisema, nikaenda kuchukua jeki. "Tuishushe."

Mzee Gwandu hakuwa mtu wa kupaza sauti. "Binti, weka jeki chini," aliniambia. "Unamzika mgonjwa hata mkono hujamshika? Ukiifungua giaboksi hii leo, vipuri vyake utavipata wapi? Na huyu mama atafikaje kwa dada yake?"

Niliirudisha jeki. Mzee Gwandu alimwomba Mzee Tarmo aache injini ikiunguruma, gari likiwa mahali tambarare, akavuta kijiti cha kupimia oili ya giaboksi na kuniwekea puani. Oili ilikuwa chini sana ya alama, lakini ilikuwa bado nyekundu kama juisi ya rozela, wala haikunuka kuungua. Kama vyuma na sahani za ndani zingekuwa zimeungua, aliniambia, ingekuwa nyeusi na ingenikera pua. Tukainama uvunguni. Pakavu kabisa. Hata tone hakuna.

"Oili inapungua na haidondoki," alisema. "Basi inakwenda wapi? Ijaze, kisha panda nyuma. Mzunguke mpaka ziwani. Usiguse kitu, wewe sikiliza."

Mwanangu, safari ile fupi mpaka leo siijui vizuri kama niliiishi au niliiota. Ukungu ulikuwa umetufunika pande zote. Mlima Kwaraa haukuwapo. Ziwa nalo halikuonekana. Tulisikia tu kiboko akipumua mahali fulani kwenye matete, na sauti za wavuvi waliokuwa wakiitana bila miili. Sote tulikuwa vipofu ndani ya gari lile, isipokuwa Mama Agnesi, ambaye kwake asubuhi hiyo ilikuwa kama asubuhi nyingine.

"Hapa tumefika kwenye mteremko," alisema kwa upole. "Hapa zamani lilikuwa linabadilisha gia bila mimi kujua. Sasa sikia linavyojikaza. Linajikaza... haya." Gari likashtuka. Akatabasamu, kama mtu anayemfahamu mtoto wake mkorofi.

Nilimsogelea kwa nyuma. "Mama, kuna kingine ulichokiona?" Nikaona aibu kwa neno hilo, lakini hakulijali.

"Moshi," alisema. "Tangu lianze kusumbua, tukisimama nasikia harufu yake dirishani. Si ile ya siku zote. Ni kama koroboi lililozimwa sasa hivi."

Mzee Tarmo aligeuka kumtazama. "Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, Baba Agnesi. Ulikuwa unagombana na gari."

Niliomba tusimame, nikashuka kwenda nyuma. Kweli, bomba la eksozi lilikuwa linatoa moshi mweupe mzito, unaojichanganya na ukungu hata mwenye macho asiutofautishe.

Tuliporudi nilimweleza Mzee Gwandu, naye akafurahi kama aliyeletewa mgeni. Ubavuni mwa giaboksi za zamani za aina ile kuna kikopo kidogo cha bati, kimeunganishwa na injini kwa mpira mwembamba. Injini huvuta hewa kupitia mpira ule, na giaboksi hujua kwa mvuto huo wakati wa kubadilisha gia. Ndani ya kikopo kuna ngozi laini inayotenganisha hewa na oili. Aliniambia niuchomoe mpira ule. Niliuchomoa, na oili nyekundu ikanitiririkia kiganjani.

Ngozi ilikuwa imechanika. Injini ilikuwa inainywa oili ya giaboksi na kuichoma. Giaboksi yenyewe ilikuwa nzima.

Kikopo kipya hakikuwapo Babati. Tuliziba ncha ya mpira na mdomo wa kikopo, tukavibana vizuri, tukajaza oili. Mzee Gwandu alimwambia Mzee Tarmo gari litaendelea kuchelewa gia na kushtuka mpaka kipuri kipatikane Arusha, ila oili haitapotea tena. Kisha akaniambia niende nao, niwe naipima njiani.

Tulipita Dareda jua likiwa limepata nguvu, tukapanda ukuta wa Bonde la Ufa polepole, ukungu ukibaki chini yetu kama maziwa kwenye bakuli. Kila gari liliposhtuka, Mama Agnesi alicheka kidogo. Nilipima tena na tena. Oili haikushuka.

Dada yake alikuwa amelazwa uani, juani. Mama Agnesi aliongozwa mpaka kwenye mkeka, akakaa, akaupapasa uso ule kuanzia paji mpaka kidevu.

"Umechelewa," alisema dada yake kwa sauti ndogo.

"Gari lilikuwa linaumwa."

"Na wewe?"

"Mimi nimefika."

Hawakusema mengi zaidi. Walishikana mikono mpaka kivuli cha nyumba kikawafikia. Yule dada aliishi mpaka mahindi yalipoanza kutoa mbelewele, na Mama Agnesi hakuondoka kando yake.

Sasa sikiliza, mwanangu. Leo ninyi mnachomeka kifaa chini ya usukani na gari linawaandikia ugonjwa wake. Ni vizuri, kitumieni. Lakini usishike spana kabla hujapanda gari, na usiamue kabla hujamuuliza anayelipanda kila siku, hasa yule anayekaa kimya pembeni. Kitu kikipotea, kifuatilie kinakokwenda, usikimbilie kuvunja pale kilipokuwa. Na hivyo hivyo kwa watu, kwa mke au mume utakayempata, kwa mtoto atakayekusumbua: wengi tunaosema wameharibika ni wazima, wamechanika mahali padogo tu.

Mungu akupe masikio mapana na mikono isiyo na pupa. Kila utakayemtengenezea chombo, afike kwa anayemngoja. Nawe, siku utakayohitajiwa na aliyekulea, ukute njia iko wazi.