Bastola ya Mzee Balbir, ndimu za mama mkwe, na mtihani nilioufeli London

Wakuu, heshima yenu wote.

Juzi nimeona uzi wa jamaa anauliza kama kuna watu wanakusanya bastola kuukuu kama wengine wanavyokusanya stempu. Mkamrukia kama mwewe. Mara jambazi, mara anatafuta wa kumkabidhi mzigo.

Mimi nilikuwa mmoja wa hao wakusanyaji, tena nikiwa London. Majina nimebadilisha na picha sina. Mengine yote ni kama yalivyotokea, hata yale yanayonidhalilisha. Hasa hayo.

Kwanza tuelewane, maana najua humu kuna mawakili wa kujitegemea.

Mwaka 1997 serikali ya Uingereza ilipiga marufuku bastola karibu zote kwa raia. Watu wakabeba zao wenyewe wakazikabidhi polisi. Zilizobaki halali kuweka nyumbani bila leseni ni zile za kale, za enzi ya babu wa babu, ambazo risasi zake hazitengenezwi tena. Unaiweka kama pambo. Hiyo ndiyo niliyokuwa nacheza nayo mimi, kwa hiyo tulieni.

Mimi ni mtoto wa Morogoro. Mwaka 1999 nilikuwa naishi Thamesmead na mke wangu Zuhura, Mzanzibari, nesi, mtu asiye na utani na masuala ya usafi. Kazi yangu ilikuwa porter kwenye nyumba ndogo ya mnada. Kubeba makabati, saa za ukutani, picha za mabwana wenye masharubu. Na siku za mnada wa silaha za kale, nabeba bastola naziweka mezani, nasimama pale wateja wakizikagua.

Siku moja nimebeba kabati, limenilemea, nikatoa tusi la Kiswahili. Nyuma yangu nikasikia sauti:

"Beba na magoti bwana, sio na mgongo!"

Nageuka, Mhindi mwenye kilemba, ndevu nyeupe, koti la bei mbaya.

Ndiye huyo Mzee Balbir. Kalasinga wa Nairobi, fundi bunduki mtoto wa fundi bunduki, kahamia Southall miaka ya sabini. Sheria ilipokuja akapeleka polisi bastola zake zote za kisasa. Akabaki na saba za kale. Alikuwa mjane, mkali, na alikuwa amekosa mtu wa kumfokea kwa Kiswahili kwa miaka mingi. Akanipata mimi.

Basi kila Jumapili nikawa naenda Southall kusoma.

Wakuu, kukagua bastola kuukuu ni shule. Mimi nilidhani unaangalia kama inang'aa. Mzee alinicheka mpaka akapaliwa na chai.

Kung'aa ndiyo dalili mbaya. Chuma cha miaka mia kinatakiwa kiwe na rangi ya kahawia ya uzee wake, na rangi hiyo ndiyo thamani. Ukiisugua umeiua. Unaangalia vichwa vya skrubu, kama vimechunika ujue kuna mtu kafungua kwa kisu cha jikoni. Unaangalia maandishi, kama kingo zake zimefifia ujue imesuguliwa. Halafu unaangalia namba. Namba ya kwenye silinda ilingane na ya kwenye bodi, na zote ziwe zimegongwa na mkono mmoja. Zisipolingana, hiyo ni bastola mbili zimefungishwa ndoa.

Na kila muuzaji ana hadithi. Mzee alikuwa anasema, "Wewe nunua chuma. Hadithi achia yeye."

Nikanunua zangu mbili tatu, mbovu mbovu. Zuhura akasema mradi zisikae karibu na vyombo vyake.

Sasa mwaka 2001 Mzee akaanza kuchoka. Binti yake wa Kenton akamwambia ahamie kwake, ila bastola hazivuki mlango. Mzee akaniita.

"Hizi saba nataka kupea mtu. Sio kuuza. Kupea. Lakini kwanza mtihani."

Akatoa ile aliyoipenda kuliko zote. Ilikuwa ya baba yake. Hadithi yake naijua kwa moyo: setla mmoja, mzungu mwenye mashamba makubwa, alimzawadia baba yake kwa kazi nzuri, ikakaa ukutani dukani Nairobi miaka yote. Kila mgeni aliyeingia nyumba ile lazima asimuliwe.

"Chukua wiki moja. Jumapili niambie unaona nini. Sio nimekuambia nini. Unaona nini."

Nilirudi Thamesmead nimeibeba ndani ya boksi na karatasi zake zote, roho juu. Sitawadanganya, nilizitaka zile bastola. Ila zaidi nilitaka yule mzee aseme mbele ya watu kwamba mimi ni fundi. Baba yangu alifariki mimi mdogo, hakuna aliyewahi kunipa mtihani wa maana.

Nikaiweka kwenye kopo la biskuti, juu ya kabati.

Tatizo likawa kwamba wiki ile ilikuwa ya Idi, na mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea kutoka Unguja.

Wenye wakwe wa Unguja mnajua. Idi ikikaribia, nyumba inageuzwa ndani nje. Pazia zinafuliwa, sinia zinasuguliwa, birika zinasuguliwa, wewe mwenyewe ukizubaa unasuguliwa. Mama alikuwa amekuja na makumbi ya nazi kwenye begi lake. Immigration walimpitisha nayo, mpaka leo sijui aliwaambia nini.

Alipolikuta lile kopo, akamuuliza mwanawe ni nini hiki. Zuhura, anakimbilia shift, akajibu, "Ni pambo tu hilo Mama, la kizamani."

Pambo. Wiki ya Idi. Hapo mnategemea nini?

Narudi kutoka kazini saa kumi jioni, nakuta sebuleni, katikati ya sinia za shaba, bastola ya Mzee Balbir inang'aa kama kijiko cha hoteli. Mama kaipiga ndimu, kaipiga jivu la kwenye chetezo, kaimalizia na makumbi. Saa mbili nzima. Ilikuwa inanukia udi.

"Mwanangu," anasema, uso umejaa furaha, "chuma chako kilikuwa kimeota kutu mpaka basi, nikakionea huruma."

Nilikaa chini. Nilikaa pale pale kwenye zulia, na koti langu.

Nilipomweleza kwamba si yangu, na kwamba ile kutu ndiyo ilikuwa mali, Mama hakulia wala hakujitetea. Aliniuliza tu mwenyewe anakaa wapi. Nikamwambia Southall.

"Basi Jumapili twende sote. Kilichoharibiwa na mkono wangu nitakiombea radhi mwenyewe."

Lakini wakuu, hilo halikuwa kubwa kuliko yote. Nilipoishika sasa, safi, niliona kitu ambacho kwenye ile rangi ya uzee hakikuonekana vizuri. Namba ya kwenye bodi ilikuwa imekwanguliwa, ikagongwa upya kwa mkono ilingane na ya silinda. Tarakimu zinayumba. Ile saba ya mwisho ina kimkia ambacho saba ya silinda haina.

Ilikuwa bandia. Ile ya baba yake, ya setla, ya ukutani. Bastola mbili zimefungishwa ndoa.

Sasa niambieni ninyi mngefanyaje. Unaenda kwa mzee wa watu mwenye miaka sabini na kitu, umeshamharibia kitu cha marehemu baba yake, halafu umwambie na baba mwenyewe alikuwa tapeli? Kwetu hatulelewi hivyo. Mtu mzima unamsitiri.

Jumapili tukafika Southall. Basi, treni, treni nyingine, Mama na kikapu cha visheti mapajani, mimi na boksi. Mzee akatufungulia, akamwamkia Mama kwa heshima zote, akaleta chai ya maziwa.

Mama hakungoja hata kikombe kipoe.

"Mzee mwenzangu, nimekuja kukutaka radhi. Hichi chako n'mekisugua mimi. Huyu hana kosa."

Mzee akafungua boksi. Akapitisha kidole gumba ubavuni, taratibu. Nilitamani sakafu inimeze. Halafu akaiweka mezani.

"Imekwisha kusugua. Sawa. Mama, mimi nimesamehe." Akanigeukia. "Sasa wewe. Unaona nini?"

Nikajibu bila kupepesa macho. "Mzee, ni bastola safi. Namba zinalingana. Ni ya asili yake."

Mama akaweka kikombe chini.

"Kha! Na ile saba yenye mkia, mwanangu? Mbona hii ya huku ina mkia na ya kule haina? Mie n'mezisugua zote mbili. Huyu aliyezichonga alikuwa na mkono mbaya, masikini."

Nikafumba macho.

Nilipoyafumbua, Mzee Balbir alikuwa anacheka, machozi yanaingia kwenye ndevu.

"Mama, hiyo saba ni mkono yangu! Baba amenilazimisha kugonga. Tulikuwa tunauzia mzungu, lakini siku ya kuuza baba ameona aibu. Ameweka ukutani. Watu wakiuliza, sasa amefanya story."

Halafu akanitazama. Kicheko kikakatika.

"Nimepea watu wanne hii mtihani. Wote wameona. Wote wamesema ni safi, sababu wananiheshimu. Mimi sitaki heshima. Nataka mtu anaweza kuniambia."

Nilianza kujieleza, akainua mkono. Basi.

Akaichukua ile bastola, akaifunga kwenye kitambaa, akamkabidhi mama mkwe. Mama naye kukataa zawadi ni aibu, akapokea. Alipoondoka kurudi Unguja alimwachia Zuhura, kwa agizo la wazi kwamba mimi nisiiguse. Nikitaka kuiona mpaka leo naomba ruhusa.

Zile sita nyingine hakumpa mtu. Alizileta mnadani. Mnada gani? Kazini kwangu. Nani alizibeba kuziweka mezani moja moja? Mimi. Wakuu, iliniuma. Zile bastola nilikuwa nazijua kila mkwaruzo, na sasa namwekea kila mgeni mwenye kilenzi cha kukuzia jichoni azipapase.

Mzee mwenyewe alikaa mstari wa mbele na binti yake wa Kenton.

Kabla mnada haujaanza, mteja mmoja ameshikilia ya nne, ile nzuri, akaniuliza kwa Kiingereza, "Hivi mbao za mpini ni zake?"

Mzee yuko hatua mbili kutoka pale. Hajageuka, lakini sikio lilikuwa kwetu.

Nikamwambia ukweli. Mbao si zake, zimebadilishwa, na skrubu ya chini imewahi kufunguliwa. Mteja akairudisha mezani akaenda zake.

Mzee Balbir akasimama na fimbo yake, akapaza sauti ukumbi mzima wa Waingereza ukageuka:

"Pumbavu wewe! LEO ndio unajua kusema?"

Binti yake anamvuta koti. Yeye anacheka, anajifuta ndevu, anarudia kwa Kiingereza kuwaambia majirani zake wa pale kwenye viti: huyo ndiye niliyemfundisha mimi, msimuulize mwingine.

Nilienda stoo nikajifanya natafuta meza.

Somo langu ni dogo. Macho nilikuwa nayo tangu mwanzo, nilichokosa ni mdomo. Mtu akikupa kitu ukikague, heshima yake ni kumwambia ulichokiona, hata kama kitu chenyewe ni cha baba yake. Nilijifunza hilo nimeshapoteza bastola saba, na mwalimu aliyenipita alikuwa na makumbi ya nazi mkononi.

Haya, uwanja wenu. Mngekuwa ninyi mngemwambia Mzee, au mngemsitiri kama mimi? Msinijibu kiheshima.